Mwalimu Atangulie Mtandaoni

Jioni moja mwezi wa Julai nilikuwa katika saiba moja mjini Kitui nikisubiri kupigiwa chapa fomu za kuwakagua wanafunzi-walimu. Akaingia mama mmoja, kikapu mkononi, nyuma yake mwanawe aliyevaa sare za shule. Mama alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akamkabidhi kijana wa saiba. "Mwanangu, hii ni kazi ya mwalimu. Inatakiwa kesho asubuhi." Kijana aliisoma karatasi, akabofya mara kadhaa, na muda si muda mashine ikatoa kurasa tatu, mmoja ukiwa na picha ya rangi ya Mlima Kenya. Mama alilipa. Mtoto alizipokea kurasa zile akazitia mkobani bila ya kuzitupia jicho, nao wakatoka mbio kuiwahi matatu ya mwisho ya kwenda Zombe.

Kazi ya uhadhiri huambukiza udadisi usio na adabu. Nilimwuliza yule kijana swali la mwalimu lilikuwa lipi. Akanijibu kwamba mtoto alitakiwa aeleze asili ya jina la nchi yake, na kwamba tangu saa nane mchana alikuwa amekwisha kuwachapia watoto wengine kumi na mmoja jibu lilo hilo.

Hebu msomaji lifikirie jambo hili. Watoto kumi na wawili wa Kitui wamenunua jibu la swali ambalo Kitui yenyewe ndiyo mwenyeji wake. Ni katika nchi hii ya Ukambani ndipo mmishenari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, akiwa mgeni wa mfanyabiashara mashuhuri Kivoi wa Mwendwa, alipouona ule mlima wenye theluji tarehe 3 Desemba 1849, akaliandika jina alilolisikia vinywani mwa wenyeji wake. Jina hilo, baada ya kupita mikononi mwa wachora ramani wa Ulaya, ndilo lililopewa koloni mwaka wa 1920, na ndilo tunalojiita hadi leo. Mtoto aliyezaliwa mahali ambapo jina la taifa lilitiwa kwenye maandishi amelipokea jibu kutoka kwenye mashine, akalitia mkobani, akapanda matatu.

Sina ugomvi na mama yule. Alifanya alichokiweza ili mwanawe asiadhibiwe. Wala sina ugomvi na kijana wa saiba, ambaye riziki yake ni kuchapa anachoagizwa. Ugomvi wangu ni na swali. Mwalimu aliliandika ubaoni, akawaambia watoto "mkatafute mtandaoni", kisha akaenda zake. Kumtuma mtoto mtandaoni kwa namna hiyo ni sawa na kumpeleka soko la Kitui siku ya gulio bila ya kumwambia anunue nini, kwa nani, na kwa bei gani.

Jambo hili si dogo. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, unautaja umilisi wa kidijitali miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi, pamoja na kufikiri kwa kina na kutatua matatizo. Ni mtaala unaopenda miradi. Kundi la kwanza lilipofanya mtihani wa KJSEA mwaka wa 2025, asilimia 20 ya alama zao za mwisho ilitokana na tathmini zilizofanyiwa shuleni katika Gredi ya 7 na ya 8. Maana yake ni kwamba kazi za aina hii zimo katika hesabu inayoamua mtoto ataingia sekondari gani. Mtoto wa Mutomo au Tseikuru ambaye nyumbani kwao hakuna simu yenye intaneti, na ambaye saiba iliyo karibu naye ni safari ya nusu siku, hukosa alama kwa sababu ya umbali, wala si kwa sababu ya ujinga. Na yule anayezipata alama hizo kwa kurasa za kuchapiwa hapati kingine chochote.

Yapo mazoea mengine yaliyo bora, tena si mapya. Mwaka wa 1995 Bernie Dodge, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Jimbo cha San Diego nchini Marekani, akishirikiana na Tom March, alibuni mbinu ya kufundishia aliyoiita WebQuest. Mwalimu huanza kwa utangulizi mfupi unaomtia mwanafunzi hamu. Kisha huiweka bayana kazi itakayofanywa, na kazi hiyo huwa ni kuamua, kulinganisha, kushauri au kutetea jambo, si kunakili. Hufuata hatua za kupitia, orodha ya kurasa za mtandao ambazo mwalimu mwenyewe amekwisha kuzisoma na kuzichagua, vigezo vya kutathminia, na hitimisho. Aghalabu wanafunzi hugawanywa katika vikundi, kila mmoja akabebeshwa dhima yake: huyu awe mwanahistoria, yule awe mkulima, mwingine awe mpinzani wa wote.

Nimeitafutia mbinu hii jina la Kiswahili. Kwanza nilipenda "msako", kwa kuwa hapa Ukambani usasi ni kazi ya tangu zamani na kila mzee anajua kwamba anayesaka hutazama nyayo kabla ya kurusha mshale. Lakini Mkenya wa leo akisikia "msako" hukumbuka polisi na pombe haramu. Nimetua kwenye "uchunguzi elekezi". Sitashangaa wanafunzi wakiliita jina jingine kabisa. Sisi wanaisimu tuliwapa Wakenya "ngamizi", "tarakilishi" na "mdahalishi", nao wakatusikiliza kwa heshima, kisha wakaendelea kusema "kompyuta" na "intaneti".

Kiini cha mbinu hii kimo katika neno "kutangulia". Mwalimu hutangulia kufika kwenye kurasa. Husoma ishirini akachagua nne. Hujua ni upi ulioandikwa na mtaalamu, ni upi ulionakiliwa kutoka kwingine, na ni upi wenye kosa. Mwanafunzi hatumii kipindi kizima kutangatanga. Hukitumia kufikiri juu ya alichokisoma. Siku zile za 1995 mtandao ulikuwa mdogo na tatizo kubwa lilikuwa ni kupoteza wakati. Leo tatizo kubwa ni kutojua nani asadikiwe. Dawa ya lile la kwanza imezidi kufaa kwa hili la pili.

Nakiri kwamba mimi mwenyewe nilichelewa kuelewa. Miaka kadhaa iliyopita niliwapa wanafunzi wangu wa mwaka wa pili kazi ya nyumbani: waeleze nadharia za asili ya Kiswahili. Nilipokea majibu zaidi ya sitini, na yote yalikuwa ndugu wa tumbo moja; hata kosa moja la tahajia lilikuwa limesafiri kutoka kwenye ukurasa wa mtandao hadi kwenye karatasi za watu kumi na saba. Niliwakemea kwa kunakili. Mwanafunzi mmoja wa Makueni, mpole wa kauli, akaniuliza: "Daktari, ulitaka tufanye nini tofauti?" Nilibaki nimeduwaa. Swali langu halikuwa limewaomba wafanye chochote isipokuwa kunakili.

Jibu la swali la kijana yule nililiona kwa macho yangu katika sekondari ya msingi moja mashariki mwa mji wa Kitui, darasa la Gredi ya 9, somo la Kiswahili. Nilikwenda kumkagua mwanafunzi-mwalimu, binti wa miaka ishirini na miwili. Tabuleti za shule zilikuwamo stoo, na mwenye ufunguo alikuwa hayupo. Niliarifiwa kwamba hata angekuwapo, nyingi hazishiki chaji. Binti yule hakulalamika. Siku ya Jumamosi alikuwa amekwenda saiba, akasoma, akachagua kurasa nne, akazichapisha, na nyingine akazihifadhi katika simu yake na katika kipakatalishi cha kuazima. Darasani hapakuwa na intaneti hata chembe. Hata hivyo uchunguzi wenyewe ulikuwa wa mtandaoni hasa, kwa sababu mwalimu alikuwa amekwisha kwenda huko kwa niaba ya watoto arubaini na wanane.

Kazi aliyowapa ilihusu jambo lile lile la saiba, lakini tazama alivyoligeuza swali. Hakuuliza jina la Kenya lilitoka wapi. Ubaoni aliandika: "Krapf alisikia nini?" Watoto walitakiwa waamue kama jina aliloliandika mmishenari yule lilitoka katika kinywa cha Mkamba au cha Mgikuyu, kisha wamwandikie barua ya nusu ukurasa, kwa Kiswahili, mwanafunzi wa Nyeri anayedai kwamba ni la kwao. Kundi moja lilipewa tarehe na safari. La pili lilipewa ramani. La tatu lilipewa maneno. La nne lilikuwa limeagizwa tangu wiki iliyotangulia kuwauliza wazee nyumbani mlima ule huitwaje kwa Kikamba na kwa nini.

Mojawapo ya kurasa nne alizozichagua ilikuwa na tarehe isiyo sahihi ya siku Krapf alipouona mlima. Aliichagua makusudi. Kundi la tarehe lilipoligundua kosa lile, kelele zilizozuka zilimleta mwalimu wa darasa jirani mlangoni kuuliza kama kuna nyoka.

Lakini kundi lililonishika moyo ni lile la maneno. Lilikuwa na karatasi yenye safu mbili. Katika safu ya Kikamba waliandika maneno waliyotoka nayo nyumbani. Katika safu ya Kigikuyu, maneno waliyoyapata katika kurasa walizopewa. Kilima: kĩĩma kwa Kikamba, kĩrĩma kwa Kigikuyu. Shamba: mũũnda, mũgũnda. Lima: ĩma, rĩma. Chini kabisa palikuwa na majina ya mlima: Kĩĩnyaa na Kĩrĩnyaga. Walikaa kimya kitambo kizuri. Kisha msichana mmoja, ambaye hadi wakati huo alikuwa ameinamia dawati, alisema, "Mwalimu, sisi tumeziangusha r na g kila mahali!"

Msomaji asiyekuwa mwanaisimu huenda asijue msichana yule alikuwa amefanya nini. Alikuwa amegundua, kwa maneno manne tu, ulinganifu wa sauti baina ya lugha mbili za Kibantu zilizo ndugu, jambo ambalo sisi hulifundisha chuo kikuu kwa muhula mzima. Na kutokana nalo kundi lake likatoa hoja: Krapf aliandika Kenia, na pengine Kegnia, bila ya r na bila ya g ya pili ile ya Kĩrĩnyaga, basi aliyemtajia jina alikuwa mtu ambaye lugha yake imeziangusha sauti hizo. Kundi la wazee nalo likaleta maelezo yanayotajwa mara nyingi, kwamba nyaa ni mbuni dume, na kwamba mlima wenye miamba myeusi na theluji nyeupe ulifananishwa na manyoya yake. Kila kundi lilikuwa na kipande, na barua haikuweza kuandikwa mpaka vipande vikutane.

Nitaongeza neno moja nje ya mada. Watoto wa Ukambani hutaniwa kwa lafudhi yao pindi wanapofika Nairobi, na wengi hukua wakiamini kwamba ndimi zao zina kasoro. Siku ile niliwaona wakitambua kwamba kinachochekwa kina kanuni, na kwamba kanuni hiyo ndiyo iliyolipa taifa jina lake. Hilo halikuwamo katika malengo ya somo. Katika fomu ya ukaguzi sikuona mahali pa kulitilia alama.

Kwa nini nasisitiza kwamba uchunguzi uanzie mtandaoni lakini usiishie huko? Kwa sababu mengi yaliyomo mtandaoni yameandikwa mbali na kwetu. Chukua habari ya mvua. Mwanafunzi akitafuta misimu ya Kenya ataambiwa kwamba mvua ndefu ni ile ya Machi hadi Mei na mvua fupi ni ile ya Oktoba hadi Desemba, na atahitimisha kwamba ile ndefu ndiyo tegemeo la mkulima. Bibi yake aliyeko Ikutha atamcheka. Huku Ukambani mvua ya Oktoba hadi Desemba ndiyo ya kutumainiwa zaidi. Atakayeweka tamaa yake yote kwenye ile ya Machi huenda akavuna mabua. Mwalimu akiuliza "Taja misimu ya mvua nchini Kenya", mtandao umekwisha kujibu na bibi hana nafasi. Akiuliza "Iwapo una mbegu za msimu mmoja tu, uzipande lini, na kwa nini kitabu na bibi hawasemi jambo moja?", mtoto hana budi kusoma takwimu za hali ya hewa, kumsikiliza bibi, na kuamua. Vivyo hivyo kuhusu mabwawa ya mchanga yaliyojengwa kwa mamia katika mito yetu ya msimu. Ukurasa wa mtandao utamweleza mtoto jinsi ukuta unavyouzuia mchanga na mchanga unavyoyahifadhi maji yasifyonzwe na jua; lakini ni mtoni atakapoona lori likiuchota mchanga huo huo kwenda kuuzwa, na ndipo atakapoelewa kwa nini Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka wa 2015.

Liko pia suala la lugha. Mtoto wa Kitui huzungumza Kikamba nyumbani. Kurasa nyingi anazozikuta mtandaoni ni za Kiingereza. Mwalimu wa Kiswahili anamtaka aandike Kiswahili. Wengi huliona hili kuwa mzigo. Mimi naliona kuwa ni bahati, kwa kuwa mtu hawezi kukichukua kilichosemwa kwa lugha moja na kukisema kwa nyingine pasipo kukielewa. Naam, ipo mitambo ya kutafsiri, na tangu mwishoni mwa 2022 zipo programu za akili unde zinazoandika barua nzima kwa Kiswahili kisicho kibaya. Sitajidai kwamba uchunguzi elekezi ni ngome isiyovunjika. Mwanafunzi mvivu ataiambia mashine imwandikie barua ya kwenda Nyeri, na itamwandikia. Lakini hataweza kusimama mbele ya kundi lake kueleza mzee wa nyumbani kwao alisema nini, wala hataweza kuitetea barua yake mbele ya kundi la ramani linalomwuliza mlima unaonekanaje kutoka Kitui. Ndiyo maana utetezi wa mdomo ni lazima uwe na alama zake, tena nyingi.

Najua pingamizi. Mwalimu mmoja mkongwe, rafiki yangu, aliniambia waziwazi: "Wewe una wakati. Mimi nina madarasa matano na daftari mia mbili." Ni kweli, na sina jibu la kumfurahisha. Kuandaa uchunguzi mmoja mzuri huchukua saa nyingi, na gharama ya intaneti hutoka mfukoni mwa mwalimu. Serikali iliahidi vipakatalishi mwaka wa 2013, na mradi wenyewe wa ujuzi wa kidijitali ukaanza mwaka wa 2016; vifaa zaidi ya milioni moja viligawanywa katika shule za msingi. Katika shule nilizozizuru vifaa vipo. Kilichokosekana ni saa za mwalimu za kujiandaa. Nionavyo mimi, shule ikiweza kununua chaki inaweza pia kumlipia mwalimu intaneti ya maandalizi, na walimu wa shule tatu au nne jirani wakigawana mada, kila mmoja akiandaa uchunguzi mmoja kwa muhula, watakuwa na tisa au kumi na wawili kabla ya mwaka kwisha. Pasipo na mtandao, kurasa zihifadhiwe. Iko programu iitwayo Kiwix ambayo huiwezesha Wikipedia nzima ya Kiswahili, yenye makumi ya maelfu ya makala, kukaa katika kadi ndogo ya simu na kusomwa bila ya intaneti. Makala mengine humo ni mafupi mno, na mengine yana makosa. Mwalimu aliyetangulia kuyasoma atajua lipi la kutumia, na lipi la kuwapa watoto walisahihishe.

Turudi katika lile darasa la Gredi ya 9. Kengele ilikuwa imekwisha kulia, na barua tatu kati ya nne zilikuwa zimesomwa. Mvulana mmoja wa kundi la ramani aliinua mkono. Alisema kwamba katika moja ya zile kurasa aliona pameandikwa kwamba hata jina "Kitui" lina maana yake, kwamba ni mahali palipotengenezwa vitu vya chuma. Akataka kujua kama ni kweli, na kama ni kweli, wahunzi hao walikuwa nani na walikwenda wapi.

Binti yule alinitazama, nami nikatazama dirishani, kwa kuwa fomu ya ukaguzi hainiruhusu kumsaidia. Alifikiri kidogo. "Sijui," akamwambia. "Nipe hadi Jumatano nitangulie kusoma. Nawe jioni ya leo kawaulize wazee wa kwenu kama wanamjua yeyote aliyefua chuma."